Tancut Almasi Orchestra ya Iringa ilimwachia nani muziki wake?

Fundi wa Mtwivila

Kamwene, wanyalukolo, na kwa wakubwa wangu wote, shikamooni.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Iringa mjini. Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa Kihesa aliniletea redio kaseti iliyokuwa imetafuna utepe, na nilipofungua kimlango chake nikakuta kaseti iliyoandikwa kwa wino neno moja tu: TANCUT. Niliutoa utepe polepole kwa kibano, nikauzungusha tena kwa kalamu ya risasi, kisha nikaijaribu kaseti kwenye mashine yangu. Wimbo wa kwanza kulia ulikuwa "Butinini". Wateja wawili waliokuwa wakingojea simu zao waliacha kulalamika.

Mzee alipokuja kuchukua redio yake aliniambia kwamba bendi ile ilikuwa mali ya kiwanda cha kukata almasi cha hapahapa Iringa. Nimezaliwa na kusoma katika mji huu, lakini sikuwahi kusikia habari hiyo. Naomba mnieleze kiwanda cha almasi kiliingiaje katika muziki wa dansi, na imekuwaje bendi yenye uwezo namna ile isahaulike na vijana wa mji wake yenyewe. Vilevile ningependa kuihamishia kaseti hii kwenye kompyuta na kuziweka nyimbo mtandaoni. Sijui kama nina ruhusa.

Babu wa Makorongoni

Marahaba, mwanangu. Sikuwa mwanamuziki, nilikuwa mlipa kiingilio, tena mwaminifu.

Jina Tancut ni kifupi cha Tanzania Diamond Cutting Company, shirika la umma lililokata na kung'arisha almasi, nazo almasi za nchi hii zilitoka hasa Mwadui kule Shinyanga. Usishangae kwamba shirika la namna hiyo lilikuwa na bendi, kwa maana katika miaka ile jambo la kushangaza lingekuwa shirika kubwa kukosa timu ya mpira au bendi ya dansi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya DDC, yaani Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Magitaa ya umeme, amplifaya na spika viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na katika miaka ya 1980, wakati hata sabuni ilipangiwa foleni, mtu binafsi angezipata wapi fedha hizo? Shirika ndilo lililonunua vyombo, likampa mwanamuziki ajira na mshahara, naye akafanya mazoezi bila kuwaza kodi ya nyumba.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, jina lilikuwa la mwajiri, hata gari la kubebea vyombo lilikuwa la mwajiri. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na koo lake au vidole vyake tu. Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa katika miaka ya 1990, mnunuzi wa kiwanda alikuja kukagua mashine na majengo, si kumtafuta mpiga tumba. Kwa hiyo mimi huwa sikubali watu wanaposema kwamba bendi za mashirika ziliuawa na disko au na Bongo Fleva. Disko lilipunguza watu mlangoni, ni kweli, lakini mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuhama.

Besi ya Mwanjelwa

Babu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu vyombo, ila umeruka jambo ambalo kwetu sisi wapigaji ndilo kubwa, nalo ni sauti yenyewe.

Waimbaji waliolibeba jina la Tancut walikuwa mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na kwenye gitaa la solo alikuwapo Kawelee Mutimwana. Fundi, rudia kuisikiliza kaseti yako, safari hii uwaache waimbaji wakuu na kufuata kiitikio peke yake: sauti mbili za mapacha zinakaribiana kiasi kwamba hujui mmoja ameishia wapi na mwingine ameanzia wapi. Kisha subiri chemko. Wimbo huanza taratibu, maneno yanasimuliwa kwa utulivu, halafu magitaa yanabadilisha mwendo, solo linaanza kurudia kifungu kifupi kilekile, na ridimu inajibu katikati ya nafasi zilizoachwa. Nimejaribu kukifundisha kifungu kimoja cha namna hiyo kwa vijana wangu hapa Mbeya kwa muda wa miezi miwili. Noti wanazipata, nafasi za kunyamaza hawazipati. Tena mpigaji wa nyanda zetu hizi ana adui wa ziada, yaani baridi: unatuna gitaa jioni, na ifikapo saa sita usiku nyuzi zimekwisha kukusaliti.

Sasa nauliza kwa heshima: kama waimbaji na mpiga solo walitoka Kongo, na kampuni ilikuwa ya serikali, kwa nini tuiite bendi ya Iringa?

Babu wa Makorongoni

Marahaba, kijana wa Mbeya. Ni kwa sababu ileile inayotufanya tuiite Maquis bendi ya Dar es Salaam ingawa nao walitoka Kongo. Bendi ni ya mahali inapolala na kufanya mazoezi. Wageni hao waliimba kwa Kiswahili, mbele ya watu waliovaa makoti, katika mji ulio mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam, na bado nchi nzima ikawajua kwa mtindo wao wa Kinyekinye Kisonzo kama ilivyowajua wana Msondo wa NUTA na wana Sikinde wa Mlimani Park. "Nimemkaribisha Nyoka" ulipigwa redioni hadi watu wakaugeuza kuwa msemo wa kumsimanga mgeni asiye na shukrani. Sidhani kama kuna cheti cha kuzaliwa kinachozidi hicho.

Mama Utepe

Nitajibu lile la ruhusa, kwa kuwa nimewahi kufanya kazi ya kuhifadhi sauti.

Enzi hizo bendi za mikoani zilisafiri kwenda Dar es Salaam kurekodi katika studio ya Redio Tanzania, ambako mashairi yalipitiwa kwanza, kisha bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kanda mama zilibaki redioni, na leo maktaba hiyo iko mikononi mwa TBC. Kaseti kama yako, fundi, mara nyingi ni nakala ya nakala, au mtu aliinasa kutoka hewani. Ukisikia sauti ya mtangazaji imekatwa mwishoni mwa wimbo, basi ndivyo ilivyo.

Kuwa na kaseti si kuwa na haki ya wimbo. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo familia za watunzi bado zina neno. Ihamishie kwenye kompyuta ili isioze, lakini kabla ya kuiweka mtandaoni ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Ukitaka simulizi za wapigaji wenyewe, tafuta maandishi ya John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band ambaye naye alipitia Tancut.

Fundi wa Mtwivila

Nawashukuru sana. Nimeisikiliza tena usiku, na ni kweli: mwishoni mwa wimbo wa tatu kuna nusu ya neno la mtangazaji, "ha…", kisha kimya. Jumapili nitampelekea mzee kaseti yake, nami nitamwuliza aliinasa mwaka gani na alikuwa amekaa wapi. Besi ya Mwanjelwa, upande wa pili una solo ndefu ambayo sijui ni wimbo gani. Ukipita Iringa, njoo na gitaa.