Tupeane uzoefu: kutundika michoro ya mtoto wa vita bila kuipotosha

FundiDari: Picha za kazi ya Petrit Halilaj, msanii wa Kosovo, pale Tate St Ives, jumba la sanaa Uingereza, 2021, zimenitonesha. Mnaijua: mwaka 1999, vita ilipoitoa familia yake Kosovo, yeye akiwa mtoto wa miaka 13 akachora michoro 38 kwa kalamu za rangi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kukës II, Albania. Ukubwani akaikuza, akaichapisha kwenye felti, kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, na kuining'iniza darini kipande kimoja kimoja. Ukiingia unaona ndege na miti. Ukifika mwisho ukageuka, askari na nyumba zinazoungua. Waliowahi kutundika kazi za aina hii, mwageni.

Mzee wa Ngazi: Adui ni kuzunguka. Uzi mmoja haufai hata kwa kipande cha sentimita 40. Nyuzi mbili, kila mmoja karibu na pembe. Pindo la juu shonea ufito mwembamba, la sivyo felti inachanika penye tundu na kingo zinajikunja kama chapati iliyolala. Mimi natumia mshipi wa kuvulia, hauonekani.

Binti Waya: Mshipi wa nailoni unavutika! Jumatatu sawa, Ijumaa kipande kimeshuka upande mmoja. Waya wa chuma wa milimita 1, ubane ncha kwa klampu, siyo fundo.

Mzee wa Ngazi: Na taa zikiupiga unameta ukumbi mzima. Hongera.

Binti Waya: Upake rangi nyeusi isiyong'aa, mzee.

Kipimapembe: Acheni hayo. Balaa lenyewe ni hili: kiyoyozi kinajaribiwa ukumbi ukiwa mtupu, milango imefungwa, kila kitu kimetulia. Siku ya ufunguzi milango wazi, watu mia wanaingia na joto lao, hewa inabadili njia. Kipande cha mbele kinajigeuza taratibu, na askari anatazama mlangoni. Mgeni anaanza na bunduki, ndege anawaona wakati wa kutoka. Kazi imesomwa kinyumenyume, na ngazi huwezi kuleta kwa sababu watu wamejaa chini. Dawa: shonea vyuma vidogo vya kutia pazia uzito pindo la chini, kisha uzi wa tatu toka pindo hilo hadi sakafuni. Jaribu milango ikiwa wazi, tena saa nzima.

Sijui_Kushona: Hapo kwenye milango umemaliza.

Karani wa Skana: Mmesahau mwanzo. Karatasi ya A4 ukiikuza mara 10, skani kwa nukta 1,200 kwa inchi, zitabaki 120, zinatosha. Madoa yafutwe.

Binti Waya: Yafutwe?! Pale wino ulipopita mara mbili ndipo mkono wa mtoto ulipokandamiza. Ukisafisha umebakiwa na katuni.

Karani wa Skana: Nimesema madoa, sijasema mistari.

FundiDari: Msigombane. Karatasi halisi je?

Karani wa Skana: Mwanga usizidi laksi 50, kile kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Wino wa kalamu hizo unapauka upesi.

Sijui_Kushona: Kuhusu upepo, si mzime tu kiyoyozi?

Kipimapembe: Wageni wakizimia, utawatundika kwa nyuzi ngapi?