Deiwaka wa kona: dereva wa kila siku anawekwa benchi, ni haki?

Suka wa Masasi
Wakuu, habari za jioni. Mimi naendesha Fuso, msimu wa korosho natoa mzigo Newala nashusha ghalani Masasi. Juzi kwenye simu nimeangalia mbio za zamani za magari za NASCAR kule Marekani, uwanja wa Watkins Glen wenye kona za kushoto na kulia. Timu imemtoa dereva wake wa msimu mzima, ikamweka mtu anayeitwa kwa mbio za kona tu. Huku kwetu huyo ni deiwaka. Iliniuma.

Mwaka wangu wa kwanza tajiri hakuniamini na mteremko wa Newala. Nikifika juu namwachia usukani mzee mmoja, nahamia kiti cha utingo mpaka chini. Mzee yule alikuwa anaangusha gia kabla mteremko haujaanza, injini inalia, breki anaigusa kidogo anaachia. Mzigo ulifika salama kila safari. Lakini miezi mitatu imepita, mimi mteremko naujua kwa macho tu. Sasa wale wenye timu wanapata nini hasa? Na aliyewekwa benchi?

Mkazi wa Shangani
Mkuu, NASCAR kuna pointi za dereva, na kuna za mwenye gari. Deiwaka akifanya vizuri, mwenye gari anavuna. Aliyekaa nje hapati kitu. Kuanzia 2005 hadi 2012 magari 35 ya juu kwa pointi za mwenye gari yalikuwa na uhakika wa kuanza mbio, kwa hiyo tajiri aliyekuwa ukingoni ilibidi amtafute fundi wa kona. Mafundi wenyewe ni kama Ron Fellows, alikuwa wa pili Watkins Glen 1999, akarudia 2004. Na Boris Said, alianza wa kwanza 2003 kwenye uwanja mwingine wa kona, Sonoma. Dereva aliyezoea kukata kushoto tu kwenye viwanja vya mviringo angewaweza wapi?

Kijana wa Lindi
Ongezea Shane van Gisbergen wa New Zealand. Julai 2023, mitaa ya Chicago, mbio yake ya kwanza kabisa ya daraja la juu, akashinda. Wa mwisho kufanya hivyo kabla yake ni Johnny Rutherford, 1963. Ila angalia: hakumtoa mtu. Timu ya Trackhouse ilimwandalia gari la ziada, namba 91, lile lile alilopewa Kimi Räikkönen, bingwa wa zamani wa Formula 1, mwaka 2022.

Suka wa Masasi
Gari la ziada! Hapo nimekuelewa kabisa, ahsante sana ndugu yangu. Kumbe fundi anaweza kuja na dereva wa kila siku akabaki kwenye usukani wake.

Mimi ilibidi mzee mwenyewe aamue. Siku moja tumefika juu, nafungua mlango nishuke, akasema, "Kaa hapo hapo." Akapanda upande wa utingo, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu kwenye gia, tukaangusha pamoja. Nusu ya mteremko akakitoa kiganja.