Naomba ushauri: kufupisha gauni la hariri lililokatwa mshazari

Habari zenu wakuu, hasa mafundi mliozoea hariri. Kuna gauni la jioni la chapa ya Valentino, satini ya hariri iliyokatwa mshazari (kwa pembe, si kufuata mwelekeo wa nyuzi), lina bitana. Linatakiwa lipungue sentimita 6 chini.

Nitalitundika saa 48 kwanza, maana kitambaa cha mshazari hushuka kwa uzito wake na hakishuki sawasawa. Ukiwahi kukata, pindo linakuwa mawimbi. Kisha nipime kutoka sakafuni kwenda juu, mvaaji akiwa na viatu vyake vya siku hiyo. Pini ziingie kwenye sehemu itakayokatwa tu, satini haisahau tundu. Bitana ibaki fupi kwa sentimita 2 hivi.

Ninapokwama ni pindo lenyewe. La awali limeviringishwa kwa mkono, upana kama milimita 3. Cherehani, hata kwa sindano nyembamba namba 9, naona itavuta ukingo. Mnaonaje, niviringishe kwa mkono kwa uzi wa hariri, au kuna mguu wa cherehani usioharibu mshazari?

Na pasi je? Tone la maji linaacha doa, na pasi ikigusa satini moja kwa moja inaacha mng'ao. Mnatandika kitambaa gani juu?