Mjadala: Kulipia kikundi cha kupeana wateja, ni biashara halali au ni kukodisha jina lako?

Mwenye mada

Wakuu habari za kazi. Naleta hii hoja mezani maana watu wengi wenye biashara ndogo siku hizi wanaitwa kwenye hivi vikundi vya kupeana wateja, vile vya kulipia ada ya mwaka, mnakutana kila wiki asubuhi na mapema, kila fani mtu mmoja tu, mhasibu mmoja, fundi bomba mmoja, mtu wa bima mmoja, na kila aliyemo anatakiwa awatafutie wenzake wateja. Mimi ni mchapaji, mabango, kadi, vipeperushi, na nimeitwa, nimeenda kama mgeni, fomu ninayo hapa na wanasubiri jibu.

Tuelewane kwanza, siongelei upatu wala zile biashara za kuingiza watu chini yako. Naongelea vikundi vya mtindo wa BNI, mtandao wa vikundi hivi vya kupeana wateja, ambao Ivan Misner aliuanzisha California, Marekani, mwaka 1985, na kanuni yao kubwa ni kwamba anayetoa ndiye anayepata. Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo. Rotary, chama cha wafanyabiashara na wataalamu, ilianza Chicago mwaka 1905 na watu wanne, wakili Paul Harris, muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani, kila mmoja na fani yake, na miaka ya mwanzo kupeana biashara lilikuwa jambo la wazi kabisa kati yao, baadaye ndio wakaegemea kwenye huduma kwa jamii. Kwahiyo anayesema hiki ni kitu cha wajanja wa juzi juzi hajafuatilia.

Msimamo wangu ni huu. Ada sio hoja kubwa, pesa itapigiwa hesabu itajulikana. Kinachonikwaza ni mteja. Mteja wangu wa siku nyingi akiniuliza unamjua fundi mzuri wa paa, ananiuliza kwasababu ananiamini mimi, na hajui kama kuna daftari sehemu linanihesabia nimetoa wateja wangapi. Nikimtaja fundi wa kikundini kwasababu mkutano ni kesho na sina cha kupeleka, na sio kwasababu kazi yake nimeiona kwa macho, basi huyo mteja nimemuuza hata kama sijapokea hata senti. Na kuna yule fundi wa pili, hodari kuliko huyo, yeye kiti amekikuta kimeshakaliwa, anakosa kazi na hajui hata amekosea wapi. Hii ni haki? Tujadili.

Fundi umeme

Mkuu heshima yako ila hapo umekaza sana. Mimi niko kwenye kikundi miaka kadhaa sasa na hakuna aliyewahi kunilazimisha nimtaje mtu. Watu wanapenda kusema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, sawa, lakini kizuri kilichofichwa ndani nani atakijua? Mtu unafanya kazi safi, nyaya zimepita vizuri, kila kitu kiko kwenye kiwango, alafu zinapita wiki simu haijaita. Matangazo ya mtandaoni nayo unalipa, na anayekupigia hakujui, ameshapigia wengine kadhaa anatafuta wa bei ya chini. Mteja niliyeunganishiwa na mtu anayemwamini hanisumbui hivo, tunaongelea kazi.

Alafu hili la kumuuza mteja umeligeuza. Fundi uliyemuokota kwenye tangazo akichukua advansi akapotea, utampatia wapi? Wa kikundini akiharibu kwa mteja wangu, wiki ijayo nakaa nae meza moja, wenzake wote wanamtazama, ataenda kurekebisha tu hata kama hapendi. Nimeshaona mtu amerudia kazi nzima bila malipo kwasababu hiyo tu, aibu ya kukaa na wale watu. Mteja analindwa kuliko mnavyodhani.

Mhasibu

Naomba kuchangia upande wa hesabu maana mwenye mada ameuruka haraka na ndipo wengi wanapoumia.

Mkutano wa dakika 90 kila wiki, toa wiki 2 za mapumziko, ni masaa 75 kwa mwaka. Bado njiani kwenda na kurudi, bado vikao vya watu wawili wawili vya kujuana biashara, ambavyo navyo ni saa nzima kila kimoja. BNI kwa mfano wana utaratibu kwamba usikose zaidi ya mara 3 ndani ya miezi 6, ukishindwa utume mtu wa kukushikia nafasi. Kwahiyo andika ada, andika masaa yako kwa bei unayomtoza mteja, andika nauli na chai, jumlisha. Hiyo ndio bei, sio ile iliyoandikwa kwenye fomu.

Pili, zile namba kubwa zinazosomwa mkutanoni, kwamba mwaka huu tumepeana biashara ya kiasi hiki, zile ni mauzo sio faida, na anayezijaza ni mwanachama mwenyewe. Kama kwenye kila 100 ya mauzo faida inayobaki ni 20, na gharama yako yote ya kikundi ni 100, unahitaji mauzo ya 500 ndio urudi sifuri, hujapata kitu bado. Mshauri ambaye mauzo yake karibu yote ni faida anarudisha na mteja mmoja. Mchapaji anayenunua karatasi na wino, mkuu piga hesabu mara mbili.

Mpiga picha

Mimi nilikuwemo nikatoka, na sitoki na chuki, kuna watu niliwapata mle mpaka leo tunafanya kazi pamoja. Mpambaji, mpishi wa sherehe, mtu wa keki, sisi wote tunamhudumia mteja mmoja kwa wakati mmoja, bibi harusi akishampata mmoja wetu wengine anatuuliza mwenyewe. Hapo hakuna aliyejilazimisha. Ila kwa fani nyingine mle ndani, mtu wa madirisha, mtu wa programu za ofisi, nilikuwa sina cha kuwapa na wao hawana cha kunipa, na kila wiki tunaangaliana.

Ngoja niwaelezee inavyokuwa, maana mgeni akija siku ya kwanza anaona vicheko na makofi tu. Mnasimama mmoja mmoja, sekunde 60 kila mtu, unasema wewe nani na wiki hii unatafuta mteja wa aina gani. Ikiisha inakuja zamu ya kutoa, na hapo ndipo presha. Mtu wa kulia kwako anasema nina mteja wa bima, anampa mwenzake karatasi yenye jina na namba ya mteja, makofi. Inakufikia wewe, huna. Unaruhusiwa kumsifia mwenzako badala yake, lakini wiki ya tatu mfululizo ukiwa unasifia tu unaanza kuona uso wa mwenyekiti. Sasa mtu anafanyaje? Anachukua namba ya shemeji yake. Nilishapewa karatasi ya namna hiyo, nikapiga, mama wa watu akaniuliza kwa ukali "nani amekupa namba yangu?" Hakuwa na sherehe, hakuwa na mpango wa picha, na aliyenipa hakuwahi kumuuliza. Kwenye daftari lakini ilihesabiwa, nimepewa mteja.

Kwahiyo fundi umeme ukisema hakuna anayelazimisha nakubali, hakuna anayekuambia kwa mdomo. Daftari ndio linasema.

Fundi umeme

Dada pole, ila huo ni uongozi mbovu. Kwetu karatasi ya namna hiyo inarudishwa, tunataka mtu awe ameshaambiwa kwamba utampigia na amekubali. Vikundi havifanani, na ndio maana mtu anatakiwa atembelee viwili vitatu kabla hajatoa pesa.

Na kingine, nguvu yake ni ule ukaribu. Ukionana na mtu kila wiki anakukumbuka.

Mwenye mada

Fundi, hapo kwenye ukaribu nina neno. Mark Granovetter, msomi wa elimu ya jamii Marekani, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, akawauliza mlikuwa mnaonana na huyo mtu mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu, mara moja moja 55.6, na kwa nadra 27.8. Sababu aliyotoa inaeleweka, watu mnaoonana sana mnajua mambo yale yale na watu wale wale, habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo. Ile ilikuwa ajira sio wateja, nakubali, lakini nikiangalia kikundi naona kitu cha namna hiyo kikitokea. Mwaka wa kwanza kila mtu anamwaga marafiki zake wote mezani. Mwaka wa pili marafiki wameisha, ada iko pale pale, na ndipo namba za mashemeji zinapoanza kutembea.

Wakili

Nisogeze kidogo lile swali la haki maana limeachwa. Kwenye fani yetu hili halijaachiwa dhamira ya mtu peke yake. Kanuni za mfano za chama cha mawakili Marekani, ABA, kwenye kanuni ya 7.2, zinakataza wakili kutoa kitu cha thamani ili mtu ampendekeze, kuna vighairi vichache. Kimojawapo ni kuelekezana wateja na wakili au mtaalamu mwingine, nipe nikupe, hiyo inaruhusiwa, ila makubaliano yasiwe ya kufungana kwamba lazima umpeleke kwa huyo tu, na mteja aambiwe kwamba makubaliano yapo. Mawili hayo tu. Sasa jiulizeni, kwanini fundi wa paa au mchapaji asifuate hayo hayo hata kama hakuna chama kinachomlazimisha? Kiti kimoja kwa kila fani mimi hakinisumbui, watu wana haki ya kukaa na wanaowataka. Kinachonisumbua ni mteja kutoambiwa.

Fundi umeme

Hiyo naikubali bila ubishi. Kumwambia mteja huyu tuko kikundi kimoja, kazi yake niliiona sehemu fulani, na kama unataka kulinganisha tafuta mwingine pia, haijawahi kuninyima kazi. Na kama kazi yake sijaiona nasema sijaiona.

Mwenye mada

Basi tumekutana sehemu. Wakili amelisema nililokuwa natafuta. Mhasibu nimekaa na hesabu yako, kwa faida ya uchapaji inabana lakini inawezekana, na wale watu wa sherehe aliowataja dada mpiga picha ndio hasa wateja wa kadi, kwahiyo nitaangalia kikundi hiki wamo au hawamo.

Fomu sijaisaini. Nawapelekea maswali matatu kwanza: waliotoka mwaka uliopita ni wakina nani na naweza kuongea nao, karatasi ya mtu ambaye hajaambiwa inarudishwa au inahesabiwa, na mwanachama akikaa mwezi mzima hajaleta mteja kwasababu hakuna aliyemuuliza kitu, anachukuliwaje. Hili la tatu ndio la kwangu. Wakijibu kwamba anaitwa na kuonywa, siingii hata kama ada ni bure, maana huko ndiko nitaanza kutaja watu nisiowajua kazi. Mhasibu, kwenye yale masaa 75, muda wa kutafuta mtu wa kukushikia nafasi umeuhesabu au bado?

Mhasibu

Bado mkuu. Ongeza.