Naomba ushauri: somo la nyuso kwa vijana wa kanisani

Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili ijayo nafundisha vijana Matendo 17:26, kwamba Mungu aliyafanya mataifa yote kutoka kwa mmoja, na nataka nianzie usoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Paul Ekman alikwenda kwa Wafore, nyanda za juu za Papua New Guinea, ambao wengi wao hawakuwahi kuona sinema. Walisimuliwa kisa kifupi, mathalani mtu kafiwa na mtoto, wakachagua picha ya uso unaoendana nacho. Furaha, huzuni na hasira walizitambua kama Wamarekani wanavyozitambua. Hofu na mshangao ndivyo viliwachanganya. Hata mtoto aliyezaliwa kipofu hutabasamu, naye hajawahi kuona tabasamu la mtu yeyote! Hilo hunigusa sana.

Shida yangu ni hii. Kijana mmoja kaniuliza kwa nini kufanana huku kwa nyuso kusiwe urithi wa damu tu, maana Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, naye aliandika habari za nyuso mwaka 1872, akaziona kuwa ushahidi wa asili moja ya wanadamu. Sitaki kumzima. Nimjibuje bila kupindisha sayansi wala imani yangu?