Barua ya kujiuzulu mezani, sikio linalia, na nyumbani wananisubiri

Mtegasikio

Habari za siku nyingi wapendwa. Likizo yangu inaanza Ijumaa na kichwa kimejaa, naomba mnivumilie nikiyamwaga jinsi yalivyo.

Nianze na mazuri. Msimu huu nimejipa muziki kuliko wakati wowote. Kwanza ilikuwa kwaya, ukumbi mdogo, bila maikrofoni hata moja. Nilikaa pembeni karibu na waimbaji wa sauti ya pili, nikawa nasikia wanavyovuta pumzi pamoja kabla ya kuingia. Kuna mahali besi walibaki peke yao kwenye noti moja ndefu, wengine wote kimya, na mzee mmoja wa mstari wa nyuma alikuwa amefumba macho, kidole kinagonga mshono wa suruali kuhesabu mapigo. Nilitoka pale nimepona uchovu wa wiki nzima.

Halafu wiki iliyopita nikaenda tamasha la uwanjani, bendi ninayoipenda tangu shule. Nilifika mapema nikapata nafasi mbele kabisa, upande wa kushoto, chini ya ule mnara wa spika. Walipiga zaidi ya saa mbili, na walipiga vizuri mno. Mpiga ngoma alivunjikiwa na kijiti katikati ya wimbo, akachomoa kingine bila kupoteza hata pigo moja. Lakini tangu usiku ule sikio la kushoto linalia, mlio mwembamba usiokatika, na nikifungua bomba nasikia kama maji yanamwagika chumba cha pili.

Sasa kazi. Idara yetu imepata mkuu mpya, na mishahara imeanza kuchelewa. Jumatatu aliniita, akafunga mlango, akasukuma karatasi moja mbele yangu. Barua ya kujiuzulu. Imeshachapwa, jina langu lipo, tarehe ni ya siku ya mwisho kabla ya likizo, na katikati kuna maneno "naacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe". Imebaki sahihi tu. Kwa sauti ya upole kabisa akaniambia nikisaini nitaondoka na jina safi, nisiposaini nikirudi nitakuta mambo mengine. Nilipouliza kosa langu ni nini, akasema hapa si suala la kosa. Nikaomba niende nayo nikaisome, akakataa, isitoke ofisini. Anaitaka Alhamisi.

Na nyumbani wananisubiri. Mimi ndiye mkubwa, na ada ya mdogo wangu inatoka kwangu. Mama kila akipiga simu anauliza nitakaa siku ngapi. Nina hamu nao sana. Sitaki kuwavurugia mapumziko, na sitaki pia kukaa mbele ya baba nikijibu "kazi nzuri tu" kila anapouliza.

Nisaini? Nyumbani niseme au ninyamaze mpaka mambo yakae sawa? Na hili sikio, nilipe muda?

Karani Mstaafu

Dada, usisaini Alhamisi. Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi na hiyo barua naijua.

Mkuu wako anataka kukuondoa, ila anataka karatasi ziseme umeondoka mwenyewe. Tofauti yake ni kubwa. Mwajiri akikuachisha, anatakiwa aeleze sababu, akupe notisi au alipe badala yake, na wewe unabaki na haki ya kupinga. Ukijiuzulu, mzigo unakugeukia: wewe ndiye utakayehangaika kuthibitisha kwamba ulishinikizwa, huku sahihi yako iko chini ya neno "hiari".

Msingi huu haukutoka kichwani mwangu. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1982, unasema mtu asiachishwe kazi bila sababu halali, na sababu zenyewe ni uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Ikiwa ni mwenendo au utendaji, apewe kwanza nafasi ya kujitetea. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo tazama sheria ya kazi ya hapo ulipo. Lakini ukiifungua, yaelekea utaukuta msingi huohuo umeandikwa kwa maneno mengine. Na amekwambia mwenyewe kwamba si suala la kosa. Basi kama ni kupunguza watu, aseme hivyo kwa maandishi, maana kupunguza watu nako kuna utaratibu wake.

Leo hii mwandikie barua pepe fupi, bila hasira: "Kufuatia mazungumzo yetu ya Jumatatu, ulinipa barua ya kujiuzulu niisaini kabla ya Alhamisi. Sina nia ya kujiuzulu. Kama ofisi ina hoja kuhusu ajira yangu, naomba niipate kwa maandishi ili niijibu. Naendelea na likizo yangu iliyoidhinishwa kama ilivyopangwa." Usiongeze kitu. Asipojibu, ujumbe wako utabaki na tarehe yake.

Kisha kabla ya kufunga mizigo kusanya vilivyo vyako: mkataba wa ajira, hati za mishahara, kibali cha likizo, tathmini za kazi ulizowahi kupewa. Vilivyo vyako tu. Nyaraka za wateja au za ofisi usiziguse, usije ukawapa kosa ambalo sasa hivi hawana. Mshahara uliochelewa nao udai kwa maandishi. Ni deni, na hata ajira ikiisha linabaki kuwa deni. Siku za likizo ambazo hukuzitumia nazo zina hesabu yake. Mkataba namba 132 wa ILO hiyohiyo, wa mwaka 1970, unaweka kiwango cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka, na ajira ikivunjika anayedai analipwa sehemu yake.

Kama una chama cha wafanyakazi, mwone mwakilishi kabla ya Alhamisi. Kama huna, nenda kwa afisa kazi. Na ikitokea wewe mwenyewe umechoka na unataka kuondoka, inawezekana pia, ila yawe makubaliano ya kuachana, yenye viwango vya malipo na tarehe, na uende nayo nyumbani ukayasome. Karatasi isiyoruhusiwa kutoka ofisini hupaswi kuisaini humohumo.

Fundi Spika

Wengine watakuhudumia kwenye kazi, mimi naomba tuongee sikio, kwa sababu hilo ndilo lenye haraka kuliko yote matatu.

Mlio wa baada ya tamasha kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili. Wako umemaliza wiki, uko upande mmoja, na sauti zimefifia. Usiupe muda tena. Nenda kwa daktari wa masikio kesho, umwambie neno kwa neno ulivyotuandikia, hasa hilo la maji ya bomba. Usikivu ukishuka ghafla upande mmoja, dawa hufaa zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza. Ukisema utaenda ukitoka likizo, muda huo utakuwa umepita.

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti kwenye matamasha, na jambo hili huniuma kila ninapoona watu wamejazana pale uliposimama. Kiwango kinachokubalika kwa mtu wa kazini ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango chake kwa kumbi na matamasha mwaka 2022: wastani usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha kila dakika 15, sauti ipimwe muda wote wa onyesho, vizibo vya masikio vipatikane, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Hiyo 100 ni dari, ndiyo maana wakaweka vizibo na mapumziko hapohapo. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa hazioti tena kwa binadamu, na unapopiga kelele kwa furaha husikii zinavyokufa.

Siku nyingine kaa karibu na meza ya fundi wa sauti. Muziki unachanganywa kwa masikio yaliyoko pale, kwa hiyo ndipo utausikia sawasawa, besi ikiwa besi na sauti ya mwimbaji ikiwa mbele. Uwanjani, umbali ukiwa mara mbili kutoka kwenye spika, nguvu hushuka kama desibeli 6. Na beba vizibo. Vile vya sponji vizungushe kwa vidole mpaka viwe vyembamba kama njiti, peleka mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, halafu kishike kwa kidole mpaka kitanuke. Wengi hukiacha nje nusu, kikawa pambo tu. Vya wanamuziki vyenye kichujio ni bora zaidi, maana hupunguza sauti zote kwa usawa na muziki unabaki na rangi yake.

Na safarini kwenda nyumbani, usivae spika za masikioni. Ngurumo ya gari humfanya mtu apandishe sauti bila kujua, na sikio lako sasa hivi linahitaji kuachwa.

Mama wa Wanne

Mwanangu, nimesoma nikawa kama namsikia wa kwangu.

Waambie. Mzazi hahitaji kuambiwa kwamba kuna jambo, anachokosa ni kulijua lenyewe. Kijana wangu alipokuja na shida ya kazi hakusema kitu, lakini simu yake ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, na kila ikitetemeka mkono wake unatangulia kuliko macho. Usiku nilibaki nabuni mabaya kuliko yaliyokuwepo. Aliponiambia, nililala.

Usiseme siku ya kufika, na wala usisubiri jioni ya kuamkia safari, maana utaondoka uwaache na mzigo wasiopata nafasi ya kuuliza. Pumzika kwanza, halafu waite wao wawili tu, wageni wakiwa wametoka. Sema yaliyo hakika: hujafukuzwa, hujasaini, mshahara umechelewa, na umeshachukua hatua hizi na hizi. La ada usilifiche hata kidogo. Shule nyingi hukubali kulipwa kwa awamu mzazi akienda kuomba kabla muhula haujafunguliwa. Akienda baada ya mtoto kurudishwa nyumbani, mazungumzo ni mengine. Kwa hiyo wazazi wako wakijua mapema, kuna kazi wanaweza kukufanyia.

Mdogo wako naye akijua kiasi chake si vibaya. Nyie mnaolea wadogo zenu mnawaona watoto siku zote.

Mtegasikio

Nawashukuru mno, nimesoma nikiwa kwenye foleni ya daktari.

Kipimo cha usikivu kimeonyesha sikio la kulia liko salama. La kushoto, mstari wa grafu unakwenda vizuri kisha unazama kwenye hezi 4000, yaani kwenye sauti nyembamba. Daktari amesema ndiyo alama ya kelele. Nimeanza dawa leo na natakiwa kurudi kupimwa, kwa hiyo nimesogeza safari hadi Jumapili. Mama nimemwambia sababu ni sikio, na hilo la kazi nitawaambia tukiwa uso kwa uso, kama ulivyoshauri, Mama wa Wanne.

Barua pepe niliituma kama ulivyoiandika, Karani. Jibu limekuja mstari mmoja: "Tutaongea ukirudi." Alhamisi imepita, karatasi sikuisaini. Kuna mwenzangu wa idara nyingine amenifuata kunong'ona kwamba naye amepewa yake.

Swali la mwisho: akinipigia nikiwa likizo, nipokee?

Karani Mstaafu

Pokea. Sikiliza, mwambie umesikia, usikubali wala kukataa chochote kwa mdomo. Ukikata simu, mwandikie muhtasari wa alichosema siku hiyohiyo. Cheti cha daktari tunza nakala; ule mkataba 158 unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumwachisha mtu. Na muda wa kupeleka malalamiko kwenye nchi nyingi ni mfupi, unahesabiwa tangu siku unapoachishwa, hata kama uko likizo. Ukipata barua yoyote ukiwa nyumbani, piga picha na bahasha yake, muhuri wa tarehe uonekane.

Huyo mwenzako mwambie naye asisaini, na muende kwa afisa kazi pamoja.