Pawa saplai ya bodi ya pedali: ninunue ipi, na niifunge wapi?

Solo_Kondele

Wakuu, habari za jioni. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya benga hapa Kisumu, na Jumapili gitaa hilohilo naenda nalo kanisani. Bodi yangu ni ya mbao, nilitengenezewa na fundi pale Kibuye: vipande vitano vilivyoachiana nafasi, sentimita 60 kwa 32, nyuma imeinuka kidogo kuliko mbele. Juu yake kuna pedali sita za gitaa: wawa, kompresa, ovadraivu, korasi, tyuna na dilei ya Boss DD-7. Zote zinakula adapta moja ya volti 9 kupitia ule waya wenye vichwa vingi.

Shida ni hii. Nikipiga sauti safi, zile solo za kukimbia kwenye nyuzi nyembamba, nyuma yake kuna mlio mwembamba kama wa mbu. Nikikanyaga kompresa, unazidi. Dukani nimeona kisanduku cha matundu kumi, bei nafuu, kimeandikwa kwamba kila tundu linajitegemea. Binamu yangu aliye Marekani naye ana saplai yake ya zamani, nzito, yuko tayari kunitumia. Nichukue ipi? Na nitaifungaje chini ya bodi isiachie tukiwa njiani kwenda Siaya au Homa Bay?

FundiWaya

Omera, kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio hili leo. Chomoa DD-7 kwenye ule waya, itie betri ya volti 9, zingine ziache zilivyo. Mlio ukinyamaza, basi gitaa halina neno, amplifaya haina neno, tatizo ni umeme. Dilei hiyo ni ya dijitali. Saketi zake zinawaka na kuzima kwa kasi kubwa mno, na kelele zake zinarudi kwenye waya wa umeme na kuingia kwa pedali jirani, maana zote zinachota mahali pamoja. Kompresa haina hatia. Kazi yake ni kuinua kilicho kidogo, kwa hiyo inauinua na huo mlio.

Sasa sikia jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi dukani. Soma kitabu cha kila pedali uone inakula miliampea (mA) ngapi, yaani umeme kiasi gani. DD-7 ni 55. Ovadraivu na kompresa za kawaida mara nyingi hazifiki 20, na wawa hata haihesabiki. Bodi yako yote haifiki 200. Adapta ya 1 Spot inatoa 1700! Kwa hiyo ukinunua adapta kubwa zaidi utakuwa umenunua nguvu usiyohitaji, na mlio utabaki palepale. Unachokosa ni utengano: kila pedali ipate umeme wake usioshikana na wa mwenzake.

Hicho kisanduku cha matundu kumi usikiamini kwa maandishi. Nenda na mita. Kisanduku kikiwa hakijachomekwa, weka mita kwenye alama ya mlio, ile inayopiga kelele nyaya zikiwa zimeungana, chomeka nyaya zake mbili kwenye matundu mawili tofauti, halafu gusa katikati ya kichwa cha waya huu na katikati ya kichwa cha ule. Katikati, kwa sababu pedali nyingi za volti 9 hasi yake iko ndani na chanya iko nje. Mita ikilia, hasi zimeungana, na hapo una ule waya wako wa vichwa vingi uliowekwa ndani ya bati. Jaribu matundu kadhaa, si mawili tu. Muuza duka akikukataza kupima, ondoka.

Ya binamu, mwombe apige picha ya maandishi ya chini. Uzito huo unaonyesha ina transfoma. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, isiguse soketi ya Kenya: stima yetu ni 240 na transfoma itaungua. Ikiwa na swichi ya kuchagua 115 au 230, iweke 230 kabla ya kuchomeka, hapo utakuwa umepata mali. Ile ya 120 ukiitafutia transfoma ya kushusha, utabeba vyuma viwili kila mahali, na sioni faida yake.

Ukiwa na uwezo wa kununua mpya, tafuta inayokubali volti 100 hadi 240 bila swichi yoyote. Cioks DC7 ni ya aina hiyo: matundu saba yaliyotengana, 660 mA kila moja kwenye volti 9, unene milimita 25. Strymon Zuma ina tisa za 500 mA. Bei zake ni kali, siwezi kukuficha. Kama mfuko hauruhusu, mpe dilei adapta yake peke yake, zile nne za analogi na tyuna zibaki kwenye waya. Mara nyingi hilo tu linatosha.

Kuifunga: geuza bodi, weka saplai upande wa nyuma ulioinuka, kisha pima kutoka sakafuni. Ibaki nafasi ya kidole chini yake, la sivyo siku moja mtu ataburuta bodi jukwaani aipasue. Usitoboe kasha lake kamwe. Tafuta vipande viwili vya bati la alumini, uvikunje viikumbatie, uvifunge kwa skrubu fupi kuliko unene wa mbao, na katikati uweke raba nyembamba. Velkro peke yake chini ya bodi siipendi, gundi yake hulainika kwenye joto la Kisumu na kitu kizito huning'inia. Matundu ya hewa yaache wazi. Waya wa stima nao ufunge kwenye mbao kwa kamba ya plastiki, sentimita chache kutoka unapoingia, ili mtu akiukanyaga avute mbao badala ya soketi.

BesiNakuru

Kaka Solo, niongezee moja kutoka huku Nakuru. Sisi hupiga sana mikutano ya injili ya nje, na huko ni jenereta. Stima ikikatika, au jenereta ikianza kukohoa, chomoa bodi. Ngoja irudi na itulie ndipo uchomeke, kwa sababu ule mshtuko wa kwanza ndio unaoua adapta. Sisi tuna stabiliza moja ya jukwaa, na bodi zote pamoja na amplifaya zinatoka hapo kwa ekstensheni moja. Mngurumo mzito wa chini ulipungua sana tulipoacha kuchomeka huyu ukuta huu na yule ukuta ule.

Na usikate ule mguu wa tatu wa plagi ili mngurumo uishe. Nimewaona vijana wakifanya hivyo. Mguu huo ndio unaokulinda ukiwa umeshika nyuzi na mdomo uko kwenye maikrofoni ya chuma.

Solo_Kondele

Jaduong' Fundi, nimeitia dilei betri. Kimya! Nimekaa nikipiga korasi na kompresa saa nzima, sauti imesafika. Dada Besi, asante, stabiliza nitaizungumzia na kamati ya kanisa.

Binamu ametuma picha: 120V, hakuna swichi. Nimemwambia aiuze huko. Nitaanza na adapta ya pili ya dilei, kisha nijikusanye. Swali la mwisho: saplai ikija, wawa yangu iko kulia mwisho. Ina shida kuwa juu yake?

FundiWaya

Ikiwa saplai ina transfoma, ndiyo. Ndani ya wawa nyingi kuna koili, yaani waya uliozungushwa, na koili hunasa sumaku ya transfoma kupitia mbao bila kujali waya zako ni safi kiasi gani. Funga saplai kushoto, chini ya dilei na tyuna. Kabla hujaingiza skrubu hata moja, iwashe, ishike kwa mkono chini ya bodi huku wawa imekanyagwa hadi mwisho na ovadraivu inafanya kazi, uisogeze polepole. Utasikia kwa masikio yako mahali mngurumo unapokufa. Tia alama ya penseli hapo.